KATESH NA ARDHI YAKE

Wako watu walioisikia Katesh kwa mara ya kwanza siku ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope lilipoteremka kutoka Mlima Hanang alfajiri, likabeba mawe na magogo, likapita kati ya nyumba na maduka. Hesabu ya Serikali ilifikia watu 89 waliokufa. Twawapa pole tena wafiwa wote. Lakini mji ule haukuzaliwa siku ile, na ndugu zetu wa huko wanayo historia ambayo yatupasa sote kuijua.

Wajerumani walipojenga boma lao Mbulu, mashauri ya nchi ile yote yakawa yanakatwa huko juu, kwenye milima ya Wairaqw. Waingereza wakafuata nyayo hizo hizo. Mbarbaig wa Hanang aliyekuwa na shauri bomani alijua urefu wa njia! Mwaka 1969 Hanang ikakatwa kutoka Mbulu, mwaka 1985 Babati nayo ikajitenga na Hanang, na leo Katesh ndiyo makao makuu ya wilaya.

Baadaye ikaja ngano. Tangu miaka ya 1970, Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa Basotu na kandokando yake, yakafikia karibu ekari 100,000. Nchi ilitaka kula mkate wa jasho lake, na nia hiyo hatuilaumu hata kidogo. Tunalolaumu ni namna ilivyofanywa. Malisho bora ya wafugaji yalichukuliwa, njia za ng'ombe kwenda majini na kwenye chumvi zikafungwa, na trekta zikapita hata juu ya makaburi ya wazee, yale wayaitayo bung'eda. Mtu aliyekwenda kuzuru kaburi la babu yake akaitwa mvamizi.

Wanakijiji wa Mulbadaw wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, ikisema, pamoja na mengine, kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi. Na sheria yenyewe ni ya mwaka 1923, iliyotungwa na Mwingereza! Twauliza: kama Mbarbaig si mwenyeji chini ya Mlima Hanang, mwenyeji ni nani?

Tangu 1999 tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nayo yatambua haki za kimila. Basi itumike. Baada ya msiba Serikali iliwajengea nyumba waliopoteza makao, nasi twaisifu kwa hilo. Ila kila kipande cha ardhi kinachotafutwa kwa ajili ya makao mapya, shule au shamba, wilayani Hanang, kina watu waliokilisha kabla ya leo. Waitwe, waulizwe barazani, na majibu yao yaandikwe.

Tena twaitaka halmashauri ipande alama za mawe pande zote mbili za njia ya tope lile, tangu mlimani hadi mjini, na mtu yeyote asipewe kiwanja katikati yake, hata akija na fedha mkononi. Kazi hiyo haihitaji msaada wa Kanada.