Nyumba Njema Si Mlango: Funzo la Simbilisi Shuleni

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na katika muda huo nimewasahihishia watoto makosa yasiyohesabika. Leo naomba nafasi katika safu hii nisahihishe kosa langu mwenyewe, kwa kuwa naamini si langu peke yangu.

Nyuma ya darasa letu pana kizimba cha simbilisi wanne, wote majike. Simbilisi ni yule mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia, ambaye wanafunzi wengi humwita ginipigi. Wanafunzi wa Gredi ya Tano ndio wanaowalisha, kuwafagilia na kuwabadilishia maji. Muhula uliopita niliwapa mradi: kila mmoja atengeneze nyumbani kichezeo cha simbilisi kwa kutumia vifaa vinavyopatikana katika mazingira yake.

Siku ya kukusanya kazi ilipowadia, meza yangu ilijaa. Miongoni mwa vilivyoletwa palikuwa na kibanda cha mbao kilichopakwa rangi nyekundu na buluu, paa likimetameta, na mlango mmoja wa duara uliozungushiwa utepe wa dhahabu. Nilijua, hata bila kuuliza, kwamba msumeno uliokata mbao zile haukushikwa na mtoto wa miaka kumi. Hata hivyo nilikitunuku kibanda hicho daraja la kuzidisha matarajio, nikakipiga picha, kisha nikakiweka katikati ya kizimba. Msichana mmoja naye alileta katoni kuukuu iliyotobolewa matundu mawili, moja kila upande, na kujazwa maganda makavu ya mahindi. Katoni yenyewe ilikuwa imepinda, na matundu hayakulingana. Niliandika kwamba kazi haina unadhifu, nikampa daraja la kukaribia matarajio.

Haikupita wiki mbili kabla ya mambo kunigeukia. Simbilisi mkubwa kuliko wote alimfukuza mdogo hadi ndani ya kile kibanda cha rangi, akasimama mlangoni. Mdogo hakuwa na pa kutokea. Tulipomtoa, sikio lake lilikuwa limeng'atwa likachanika. Tangu siku hiyo hakukikaribia kibanda kile tena, na rangi ya mlangoni ilikuwa imekwisha kugugunwa. Katoni nayo haikukosa wageni: waliingia kwa tundu hili wakatokea kwa lile, wakachakura maganda, wakalala humo mchana. Ndipo yule msichana aliponijia, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, mbona nyumba yenye alama nyingi wanaiogopa, na yangu wanaipenda?"

Sikuwa na jibu. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi niliyewafunza watoto methali hiyo mwaka nenda mwaka rudi, nilikuwa nimeshindwa kuitumia siku niliyoihitaji. Niliitazama nyumba kwa macho ya mpita njia, ilhali aliyejengewa ni mwingine.

Ikumbukwe kwamba simbilisi ana maumbile yake, na kichezeo chake hakiwezi kutengenezwa kwa kumsahau mwenyewe. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako watu walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Ulaya alifikishwa katika karne ya 16. Yeye ni windo: usalama wake uko katika kujificha, na kivuli cha mkono kinachomjia kutoka juu humtia hofu kama kivuli cha mwewe. Huishi kwa makundi, na akifugwa peke yake hunyong'onyea. Uswisi iliona jambo hilo kuwa zito kiasi cha kuliwekea kanuni mwaka 2008, zinazotaka wanyama wa jamii kama yeye wasifugwe kwa upweke. Meno yake hukua maisha yake yote, hivyo lazima apate cha kuguguna, hasa nyasi. Si hodari wa kupanda wala kuruka, na uti wake wa mgongo haupindi kama wa panya. Ndiyo maana gurudumu la kukimbilia, ambalo watu huliona kuwa kichezeo cha kila mnyama mdogo, humdhuru.

Mwenye kuyafahamu hayo hahitaji duka wala fundi. Katoni yoyote safi yatosha, mradi iondolewe pini, selotepu na karatasi za nailoni, na itobolewe milango miwili ili mnyonge asizingirwe. Ile silinda ya karatasi ngumu inayobaki shashi inapokwisha hujazwa nyasi ikawa mchezo wa kuvutavuta. Lakini ipasuliwe kwa urefu, la sivyo mnyama atatia kichwa akwame. Mfuko wa kaki uliokunjwa kingo ukawekwa nyasi kavu huwa pango la kuchakura. Maganda makavu ya mahindi yasiyo na ukungu hugugunwa na kuburutwa huku na huko. Kitawi cha mpera ambao haukupuliziwa dawa huwa chakula cha meno. Cha kuepukwa nacho kijulikane: mbao zenye rangi au dawa, gundi kali, plastiki, kamba zenye vitanzi, matawi ya mparachichi, na majani ya mnyanya na ya viazi mbatata, kwani mimea hiyo ina sumu kwake. Nayaeleza haya kinaganaga kwa sababu miparachichi imejaa katika viwanja vya shule zetu, na mtoto asiyeambiwa atachuma kilicho karibu.

Najua wapo watakaocheka. Watasema kwamba katika shule ambazo watoto wanne hugawana kitabu kimoja, kuzungumzia vichezeo vya simbilisi ni anasa. Wengine watakumbusha kwamba mnyama huyu ni kitoweo. Kwao Andes huliwa hadi leo, na huko Kivu, mashariki mwa Kongo, familia nyingi humfuga kwa nyama na mbolea. Hoja hizo si za kupuuzwa, lakini hazinishawishi. Katoni, maganda na nyasi havigharimu hata shilingi. Na kuhusu kitoweo, mkulima mwema hujua kwamba mnyama wa kuchinjwa kesho hana deni la kuteseka leo. Mwaka 1965, kamati iliyoongozwa na Profesa Rogers Brambell nchini Uingereza ilichunguza hali ya mifugo, wala si ya wanyama wa kubembelezwa, na kutokana na kazi yake dunia ikapata wazo kwamba mnyama aliye mikononi mwa binadamu apewe nafasi ya kufanya yaliyo katika maumbile yake. Hapa kwetu nako ipo Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Kizimba cha shule hakiko nje ya sheria hiyo.

Hata hivyo, kiini cha hoja yangu si simbilisi pekee. Kiini ni mtoto, na namna tunavyompima.

Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, ukichukua hatua kwa hatua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985, tuliambiwa kwamba mtoto atajifunza kwa kutenda. Ni lengo jema, nami naliunga mkono. Lakini la kusikitisha ni kwamba katika shule nyingi anayetenda ni mzazi. Mama anarejea kutoka kazini jioni, amechoka, akutane na orodha ya vifaa. Baba anamwita seremala. Aliye na pesa ananunua kilichokwisha kutengenezwa, na asiye nacho anaona haya kumtuma mwanawe na katoni. Lawama zote wanatupiwa wazazi, nasi walimu tunajitenga kando kana kwamba hatuhusiki. Ukweli ni kwamba wazazi hufuata alama zinakoelekea. Tukizitoa kwa mng'aro, wataleta mng'aro. Mimi nilizitoa kwa mng'aro.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mtoto aliyeletewa kibanda cha seremala hakuadhibiwa, alisifiwa. Lakini alinyimwa funzo. Hakuketi mbele ya kizimba akajiuliza mnyama huyu anaogopa nini. Yule msichana alifanya hivyo. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alitoboa matundu mawili, alinijibu kwamba alikuwa amewaona wakifukuzana wakati wa kulishwa, akawaza kwamba anayefukuzwa lazima apate pa kutokea. Hiyo ndiyo sayansi: kutazama, kuwaza, kujaribu. Na ndiyo huruma pia. Sijui somo jingine ambalo huyaunganisha mambo hayo mawili kwa bei ya katoni tupu.

Fauka ya hayo, kiumbe huyu ana undugu nasi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich, waligundua kwamba simbilisi wakilishwa nafaka tupu hupata ugonjwa wa kiseyeye, ule uliowaangamiza mabaharia kwa karne nyingi. Mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Kwa hivyo vichezeo pekee havitoshi. Apate kila siku nyasi za kutosha, maji safi, na kipande cha pilipili hoho au mboga mbichi kwa kiasi. Mwalimu aliye macho atauona hapo mlango wa somo zima la lishe.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, vichezeo vitengenezwe darasani, mbele ya mwalimu, kwa mikono ya watoto, na vifaa vikusanywe kwa pamoja ili wa tajiri na wa maskini watumie rundo moja. Vilabu vya 4-K, vilivyofufuliwa mwaka 2021, vina jina linalotamka jambo hilo: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Pili, mwalimu asitoe daraja siku ya kukusanya kazi. Kichezeo kiwekwe kizimbani kwa siku kadhaa chini ya uangalizi, mtoto aandike alichokiona: nani aliingia, nani alikimbia, kipi kilibomoka. Daraja litokane na maandishi hayo na marekebisho yaliyofuata. Tatu, atakayekosea aruhusiwe kurekebisha, kwa kuwa kichezeo kilichokataliwa na mnyama hakijafeli, kimefundisha. Nne, shule ambayo haiwezi kujibu swali la nani atawalisha wanyama wakati wa likizo, isiwafuge. Ni heri kizimba kitupu kuliko kizimba cha njaa.

Kwenu wanafunzi nina neno moja. Msidhani kwamba kazi isiyopendeza machoni mwa mwalimu ni lazima iwe mbovu. Lakini msiishie katika kunung'unika. Fanyeni kama alivyofanya mwenzenu. Tazameni, andikeni, kisha ulizeni kwa adabu. Swali lililojengwa juu ya ushahidi humfunza hata mwalimu.

Nami nilifanya niliyopaswa kufanya. Nilisimama mbele ya darasa nikakiri kwamba nilikosea, nikaeleza ni vipi, na nikalibadilisha daraja la yule msichana. Baadhi ya walimu wenzangu waliniambia kwamba nimejishushia hadhi. Sioni hivyo. Mtoto anayemwona mwalimu akirekebisha kosa lake hujifunza kwamba kosa si mwisho wa safari.

Mwenye kibanda cha rangi naye sikumwaibisha, maana hakuwa na hatia. Nilimpa kipande cha msasa na msumeno mdogo, nikakaa kando yake. Ilimchukua vipindi viwili vya michezo kuondoa rangi yote, huku amejifunika pua kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi, na kukata mlango wa pili katika ukuta wa nyuma. Ulitoka umepinda, haulingani na ule wa kwanza uliokatwa na fundi. Siku tuliyokirudisha kizimbani alikaa chini akangoja mapumziko mazima bila kunena. Kengele ilikuwa imekwisha kulia simbilisi mdogo, yule mwenye sikio lililochanika, alipoingia kwa mlango wa mbele, akatulia kidogo, kisha akatokea nyuma.

Mtoto alikimbilia daftari lake akaandika. Sikumwambia aandike nini.