Mtoto akijua kusoma, usimwachie kitabu peke yake

Wadau, leo tuweke kando habari za seva na programu. Nataka kuzungumzia mtoto wa miaka kumi na moja, saa tatu usiku, kabla hajalala.

Wazazi wengi humsomea mtoto akiwa mdogo. Siku anapoweza kusoma mwenyewe wanampongeza, kisha wanamwambia, "Haya, kasome chumbani kwako." Mimi naona wanaacha mapema mno. Mdogo unamsomea kwa sababu hajui herufi. Mkubwa unasoma naye kwa sababu ana maswali, na maswali hayo hatayaleta ukimkalisha kitako na kumwambia aseme. Atayaleta akizungumza juu ya mtu wa kwenye hadithi.

Wala hili si jambo la kuiga Wazungu. Chukua Luanda Kotieno, kule Uyoma, Kaunti ya Siaya, feri inapovukia kwenda Mbita. Zamani watoto wa Kiluo walilala siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim. Hawakuwa wadogo tu. Wasichana waliokaribia kuolewa walikuwamo pia. Walitegeana vitendawili na kusimuliana hadithi, na pim akawafundisha yale ambayo mzazi huona haya kuyataja.

Hapo jirani, Asembo, alizaliwa Grace Ogot mwaka 1930. Nyanya yake alimsimulia ngano za kwao, na baba yake, aliyekuwa mwalimu, akampa hadithi za Agano la Kale. Mwaka 1966 alitoa The Promised Land, na 1983 akatoa Miaha, riwaya ya Kidholuo. Sisemi kila anayesomewa atakuwa mwandishi. Nasema kilichosimuliwa nyumbani hakipotei.

Najua mtanijibu kwamba wavuvi wa omena huingia ziwani usiku na taa zao, mtoto akienda kulala. Ni kweli. Lakini mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti omena vizuri, na kazi hupungua. Basi hizo ndizo siku za baba. Usiku mwingine mama, shangazi au nyanya ashike zamu.

Mtasema pia vitabu ni ghali. Hapo teknolojia inasaidia. African Storybook, tovuti ya shirika la Saide la Afrika Kusini iliyozinduliwa 2014, ina hadithi za bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kidholuo zikiwemo. Unazipakua mara moja, mnazisoma bila intaneti.

Nyingi ni fupi, za watoto wadogo. Lakini leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuzitafsiri, na hapo ndipo penye kazi ya mtoto mkubwa. Chukueni hadithi ya Kiswahili, muigeuze Kidholuo pamoja, sentensi mbili tatu kila usiku. Yeye anakushinda kuandika kwenye simu. Wewe una maneno ya mtumbwi na nyavu ambayo hajawahi kufundishwa darasani. Kila mmoja anamhitaji mwenzake. Mtoto wa umri huo hapendi kufundishwa usiku baada ya kufundishwa mchana kutwa, ila anapenda sana kuwa na kitu anachokijua kuliko mzazi.

Je, simu yenyewe isimsomee? Programu za kusoma kwa sauti zipo, na kwa asiyeona ni msaada mkubwa. Siku hizi zipo hata zinazouliza maswali. Lakini hakuna inayojua kwamba yule mzee mkali wa kwenye hadithi anafanana na mjomba wake, na kicheko cha hapo ndicho kinachomfungua mtoto mdomo.

Dakika kumi na tano zinatosha. Ila zima data kwanza, maana ujumbe mmoja wa WhatsApp ukiingia, hadithi imekwisha.