Karani na Hati ya Ndoa

Twapenda kuwakumbusha ndugu zetu makarani jambo moja.

Hapa petu Vitongoji, kama katika vijiji vingi vya Pemba, wako vijana waliohamia Uingereza hata wakawa raia wa huko. Hurudi nyumbani kuoa au kuolewa, kisha hutaka kuwachukua wenzi wao. Watu hudhani kazi imekwisha siku ya nikahi. Kumbe ndiyo kwanza yaanza. Tangu Aprili 2024 Serikali ya Uingereza kwa kawaida yataka pato la paundi 29,000 kwa mwaka. Kabla yake, tangu 2012, zilitosha 18,600. Aliyeko huku hana budi kufaulu mtihani wa Kiingereza cha mwanzo, tena apate cheti cha kwamba hana kifua kikuu, nacho hudumu miezi 6 tu.

Hayo hayamo mikononi mwetu. Lililomo mikononi mwetu ni jina. Twamjua binti mmoja ambaye cheti chake cha kuzaliwa chasema Fatma, pasi yasema Fatuma, na hati ya ndoa imeliacha jina la babu. Kwetu sote huyo ni mtu mmoja. Lakini mkubwa azisomaye karatasi hizo ng'ambo hamjui mtu, ajua herufi. Cheti cha kifua kikaisha muda wake, naye bado angoja kusahihishiwa jina.

Wako wenzetu wasemao kwamba kazi ni nyingi, na mwenye hati ndiye apasaye kuisoma. Ni kweli, naye asome. Lakini wengi hutia sahihi kwa kutuamini sisi.

Basi twaona yafaa, kabla ya kuandika, tuitake pasi au kitambulisho. Tuandike majina matatu, lake, la baba na la babu. Kisha tumsomee mwenyewe kwa sauti. Na wanaojitayarisha kwa safari walinganishe karatasi zao kwanza, ndipo waende kupimwa kifua. Iliyoandikwa kwa Kiswahili ifasiriwe kwa Kiingereza, na mfasiri atie jina lake, sahihi na tarehe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na tuuzibe ufa huu sisi, maana sisi ndio tulioufanya.