Kizazi Kikishuka Tena

Askari akijeruhiwa mguu, wenzake humbeba hadi hospitali, wala hakuna amwoneaye haya. Kizazi kikimshuka mkewe, nyumba nzima hunyamaza. Na kikiwa kimekwisha kuondolewa, kisha uvimbe ule ukajitokeza tena ukeni, kunyamaza hugeuka tuhuma: amerogwa, au hakuwa mwaminifu. Maneno hayo tumeyasikia wenyewe makambini.

Ni maneno yasiyo na msingi. Kizazi, kibofu na utumbo hushikiliwa mahali pake na misuli na kano za nyonga. Kuzaa mara nyingi, umri mkubwa, kikohozi cha muda mrefu na kubeba mizigo mizito hulegeza mshikizo huo. Kuondoa kizazi peke yake hakurudishi nguvu zake. Ndiyo maana sehemu ya juu ya uke, au kibofu, huweza kushuka baadaye.

Siku hizi daktari bingwa aweza kutengeneza hali hiyo bila kupasua tumbo kwa jeraha refu. Hutoboa matundu machache madogo, akapitisha kamera na vyombo vyembamba, kisha akaishikiza sehemu ya juu ya uke kwenye mfupa wa chini ya mgongo kwa kipande cha wavu. Kwa kawaida mgonjwa hupoteza damu kidogo na hutoka hospitali mapema. Wavu huo usichanganywe na ule uliokuwa ukitiwa kupitia ukeni, uliowaletea wanawake wengi maumivu na vidonda, hata Marekani ikaamuru mwezi Aprili 2019 usiuzwe tena kwa kazi hiyo. Lakini huu wa tumboni nao una hatari zake, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla ya kutia sahihi.

Si kila hospitali yenye vyombo hivyo. Asiyevifikia, au asiyetaka kupasuliwa, huweza kuwekewa pete laini ya kutegemeza viungo.

Waume nao wana sehemu yao. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20. Aliyetoka kupasuliwa juzi hatwishwi dumu hilo. Mume na alibebe mwenyewe, hata kama majirani watacheka. Askari wa kike aliyepasuliwa naye asipangiwe kazi za kubeba mizigo mpaka daktari amruhusu. Na afande anayepokea ombi la ruhusa la askari anayempeleka mkewe hospitali asimwulize mbele ya wenzake ni ugonjwa gani.