Fedha ya Ruzuku Isivujie Dirishani

Kwa miaka mingi Saudia iliuza umeme kwa bei ya kutupa. Hadi mwisho wa 2017 mwenye matumizi madogo nyumbani alilipa halala 5 kwa uniti, na riyali moja ina halala 100. Nani angehangaika kuzima kiyoyozi? Januari 2018 bei ikapanda hadi halala 18 kwa uniti 6,000 za mwanzo za mwezi, na halala 30 kwa zinazozidi hapo. Watu walinung'unika, lakini ilikuwa haki. Kosa ni kudhani kwamba bei peke yake yatosha.

Kiangazi cha Riyadh hupita nyuzi 45. Huko angalau mtu hupata nafuu kwa mashine ya kupoza hewa kwa maji. Jeddah, kwa unyevunyevu wa Bahari ya Sham, mashine hiyo ni kazi bure. Kumwambia mtu avumilie joto la namna hii ni maneno ya aliyekaa penye ubaridi.

Tazama sasa vyumba wanamopanga wenzetu, madereva na wapishi kutoka Mombasa, Tanga na Kampala. Kiyoyozi cha zamani kimepachikwa kwenye tundu la ukuta, pembeni kumezibwa kwa matambara na gundi ya karatasi. Kinanguruma usiku kucha, maji yanachuruzika ukutani, na ubaridi wenyewe unatorokea nje. Aliyekinunua ni mwenye nyumba, naye alichagua cha rahisi. Bili ya umeme ni ya mpangaji. Mwenye uwezo wa kukibadili hana haja, na mwenye haja hana hata ruhusa ya kutoboa ukuta. Pandisha bei ya uniti mara kumi, mwenye nyumba hatashtuka.

Tangu Septemba 2025 kodi za nyumba Riyadh zimezuiwa kupanda kwa miaka mitano. Ni kheri kubwa kwa mpangaji. Ila mwenye nyumba sasa hana pa kurudishia gharama ya mashine bora, basi ataiacha ile ile mbovu.

Hapo ndipo hazina ya serikali inapotakiwa kuingia. Najua wapo watakaouliza: mwenye majumba asaidiwe kwa lipi? Swali zuri. Lakini serikali tayari ilikuwa ikilipia umeme wa mashine yake mbovu, tena kwa mafuta ghafi, yanayochomwa kila kiangazi kwenye vituo vya umeme badala ya kuuzwa nje. Ruzuku ya uniti huliwa leo, na kesho hudaiwa tena. Ya kiyoyozi kizuri au ya kuzuia joto ukutani hutolewa mara moja, ikafanya kazi miaka.

Na njia imekwisha kufunguliwa. Mwaka 2017 Mfuko wa Uwekezaji wa Umma uliunda kampuni ya Tarshid, ambayo hukarabati majengo ya serikali, misikiti na mashule ili yatumie umeme kidogo. Vizuri sana. Lakini mfanyakazi halali msikitini, analala kwenye chumba cha kupanga. Atakayesema mgeni si wa kusaidiwa na ruzuku ya taifa akumbuke kwamba pipa la mafuta linaloteketea kwa ajili ya chumba cha mgeni ni mali ya taifa hilo hilo.

Nashauri hivi. Baraza la Shura, lenye wajumbe 150 wanaoteuliwa na Mfalme, halitungi sheria peke yake, lakini neno lake hufika. Lipendekeze mwenye nyumba asaidiwe sehemu ya gharama kwa sharti kwamba mashine mpya iwekwe kwenye chumba cha kupanga, si sebuleni kwake, na daraja lake la matumizi ya umeme liandikwe kwenye mkataba wa kupanga unaosajiliwa Ejar, mtandao wa serikali wa mikataba ya nyumba. Akikataa, asipate hata halala.

Nanyi ndugu zetu mlioko Riyadh na Jeddah, kabla ya kutia sahihi mkataba, ulizeni nani atalipa bili, kisha ingieni ndani mkitazame kiyoyozi.