Kipakatalishi Kisichopakatika

Nilipokuwa likizoni kwetu Mbwajumali, kisiwani Pate, mpwa wangu alinijia barazani baada ya sala ya alasiri, simu mkononi. "Masalkheri, mjomba. Nataka unichagulie kipakatalishi. Kiwe cha kuchezea kandanda na cha kuhariria video za arusi." Nilimkaribisha mkekani, nikaitazama picha aliyonionyesha: mashine nyeusi yenye taa nyekundu chini ya vibonye, imenakshiwa kana kwamba ni silaha, na bei yake imepita shilingi laki moja. Kijana amemaliza Kidato cha Nne. Fedha alizo nazo amezichuma kwa kupiga picha za arusi kwa simu, toka Siu hadi Kizingitini. Zilizosalia ameahidiwa na babake, ambaye ni mvuvi.

Najua baadhi ya walimu wenzangu wangemjibu nini. Wangemwambia kwamba michezo ya kompyuta ni upotevu wa wakati, kwamba aende chuo kwanza, na kwamba laki moja ni karo. Siafikiani nao. Wazee wetu wamecheza bao na karata barazani vizazi na vizazi, na hakuna aliyediriki kusema kwamba baraza ilikuwa shule ya wavivu. Isitoshe, kijana huyu hakuniuliza iwapo anunue. Aliniuliza anunue kipi, na swali hilo linastahili jibu la mtu aliyelifikiria.

Nianze na neno lenyewe, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Hapa Kenya hatujakubaliana hata jina la mashine kubwa: wengine husema kompyuta, wengine tarakilishi, wengine ngamizi. Hiyo ndogo wenzetu wa Tanzania huiita kompyuta mpakato, nasi huiita kipakatalishi. Majina yote mawili yametoka katika kitenzi kupakata, na kupakata kwa Mswahili ni jambo la mtoto: humweka mapajani, ukamkinga, ukambembeleza. Sasa chukua hiyo mashine ya wachezaji. Nyingi zina uzito unaozidi kilo mbili. Tumboni zina feni mbili zinazovuta hewa kwa chini na kuitema ikiwa moto. Na zikifanya kazi kwa nguvu zao zote, mapaja hayazistahimili. Ukiziweka juu ya godoro au mto, matundu huziba, joto hupanda, na mashine hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hicho ni kipakatalishi kisichopakatika. Nilimwambia mpwa wangu kwamba jambo la kwanza la kununua ni meza.

Majina ya viungo vya ndani nayo yana sarufi yake, na anayeijua sarufi hiyo hapunjwi kwa urahisi. Chukua prosesa za Intel. Mnunuzi huona i7 akadhani lazima iishinde i5, kwa kuwa saba ni kubwa kuliko tano. Maana, hata hivyo, imo katika herufi ya mwisho, kama ilivyo kwa kiambishi tamati katika kitenzi chetu, ambapo piga, pigwa na pigana si tendo moja. Core i7-1355U ina viini 10, na viwili tu kati ya hivyo ndivyo vyenye nguvu. Nguvu yake ya msingi ni wati 15. Core i5-13500H ina viini 12, vinne vikiwa vyenye nguvu, na nguvu yake ya msingi ni wati 45. Katika kazi ndefu kama kuitoa video ya arusi baada ya kuihariri, hiyo "tano" huiacha nyuma hiyo "saba". Herufi U imekusudiwa mashine nyembamba zinazohifadhi betri. Herufi H imekusudiwa kazi nzito. Muuzaji akikutajia namba na kuimeza herufi, mwombe airudie.

Kadi ya michoro ina hila kubwa zaidi. Huyu ndiye anayechora fremu za mchezo, na pia huisaidia programu ya kuhariri inaposahihisha rangi na kutia madoido. Kadi ya NVIDIA iitwayo RTX 4060 ya vipakatalishi hutengenezewa mashine ambazo mtengenezaji wake anaweza kuipa umeme wowote kati ya wati 35 na wati 115, naye ndiye mwenye uamuzi. Mashine mbili zitabandikwa jina lile lile, na moja itacheza vizuri kuliko nyingine kwa tofauti inayoonekana kwa macho. Wanafunzi wangu huijua hali hii kwa jina la homonimu: umbo moja, maana mbili. Katika lugha, muktadha hutuokoa. Dukani hakuna muktadha, kwa hiyo mnunuzi sharti aulize idadi ya wati, na akikosa jibu atafute maelezo ya mtengenezaji kabla ya kutoa senti.

Hapa nilimsimamisha mpwa wangu nikamwuliza anacheza nini hasa. Akataja ule mchezo wa kandanda ambao hadi mwaka 2022 uliitwa FIFA, na tangu mwaka 2023 ukaitwa EA Sports FC. Basi. Hana haja na mashine ya kuendeshea kila mchezo utakaobuniwa duniani. Kandanda hiyo huridhika na kadi ya daraja la kati, fremu 60 kwa sekunde, skrini ya kawaida. Vijana wengi hununua nguvu za mchezo ambao hawaujui kwa sababu wameona mtu wa Marekani akiusifu.

Kuhariri kuna tabia nyingine. Mchezo haungoji: fremu ikichelewa, bao limeingia. Uhariri husubiri. Mashine ikiwa dhaifu, programu nyingi za leo hukuruhusu kutengeneza nakala nyepesi za video, ukazikata na kuziunga hizo, kisha mwishoni programu ikarejea kwenye video halisi na kuitoa usiku wewe ukiwa umelala. DaVinci Resolve ina toleo la bure, Kdenlive na Shotcut ni huria kabisa. Hakuna sababu ya kijana kutumia programu ya wizi. Kwa hiyo mtu anayetaka mambo mawili kwa fedha za jambo moja na nusu aweke fedha zake kwenye vitu visivyobadilishika. Prosesa na kadi ya michoro zimegandishwa kwenye ubao, hutazibadilisha. Skrini hubadilishwa kwa taabu na gharama. Kumbukumbu ya RAM na diski ya SSD, katika mashine nyingi za wachezaji, zina nafasi za kuongezewa. Anunue yenye GB 16 za RAM, au hata GB 8 ikiwa ipo nafasi tupu na fedha zimekaba, aongeze baada ya arusi mbili tatu. Lakini aulize kwanza, maana zipo mashine nyembamba ambazo RAM yake imegandishwa pia, na hizo ukizinunua umefunga ndoa isiyo na talaka.

Skrini nisiipitie juu juu. Matangazo husifu kasi yake, mara 144 kwa sekunde, na kwa mchezaji hilo ni jema. Kuhusu rangi hunyamaza. Mashine nyingi za bei nafuu zina skrini zisizofikisha hata theluthi mbili za rangi za kiwango cha sRGB, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha video za mitandaoni. Mwenye skrini hiyo ataiona kanga nyekundu imefifia, ataizidisha, na video ikifika kwenye simu za jamaa wa Mombasa na Muscat, hina ya bibi arusi itaonekana kama damu. Afadhali skrini yenye kasi ndogo inayosema kweli. Na kwa kuwa wengi wa watazamaji wataitazama kwenye simu, hana haja ya kulipia skrini ya 4K.

Sasa tuje kwetu hasa. Chaja ya mashine ya wachezaji si kitu cha kuchomeka popote. Nyingi ni za wati 180 hadi 240, na ile mitambo midogo ya sola tuliyoizoea majumbani, ya taa na simu, haiwezi kuibeba. Ukichomoa chaja, mashine hujipunguzia nguvu na betri haimalizi mechi nyingi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, betri hiyo inakupa nafasi ya kuhifadhi ulichokifanya, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu wa visiwani achague kipakatalishi badala ya kompyuta ya mezani. Tena kuna chumvi. Feni zinazovuta hewa ya pwani huvuta na chumvi yake. Asifanyie kazi barazani kunakopigwa na upepo wa bahari hata kama ndiko kwenye baridi. Na safari ya mashine yenyewe ni ya boti kupitia Mkanda, maji yakiwa yamejaa, mawimbi yakirusha. Nilimwambia aifunge kwa plastiki mara mbili na aipakate. Huko ndiko kupakata kwa kweli.

Yote haya kijana aliyasikiliza kwa adabu. Alianza kuniuliza maswali pale tu nilipofika kwenye jambo ambalo hakulitaja kabisa: hizo video atazihifadhi wapi?

Dakika moja ya video ya 4K kutoka kwenye simu hula takriban MB 170 hadi 350, kutegemea namna ilivyobanwa. Arusi ya saa tatu ni GB 31 hadi 63. Diski ya GB 512, ukitoa nafasi ya mfumo na mchezo mmoja mkubwa wa kandanda, itajaa kabla ya msimu kwisha. Ndipo mtu huanza kufuta. Na hapa naeleza kosa langu mwenyewe. Mwaka 2014 nilimrekodi mzee mmoja wa kisiwa hiki akiimba vave, zile tungo za wakulima wa Kibajuni zinazoimbwa usiku wa kuamkia siku ya kuchoma shamba lililofyekwa. Aliimba kwa saa mbili kasoro. Niliziweka video zote kwenye kompyuta yangu moja, nikasema nikirudi mjini nitazinakili. Nilirudi mjini nikasahihisha mitihani. Baada ya miezi minne diski ilikufa. Mzee alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Kwa wasiokuwa wa fani yangu nieleze kilichopotea. Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, hutofautisha t inayotamkwa ulimi ukiwa kwenye meno na t inayotamkwa ulimi ukiwa kwenye ufizi. Kiswahili sanifu hakina tofauti hiyo, wala maandishi yetu ya kawaida hayaionyeshi. Kwenye sauti tupu, hasa yenye upepo, masikio hubishana. Kwenye video nzuri yenye mwanga wa kutosha, ulimi huonekana. Nilikuwa na ushahidi wa macho wa mtu aliyeipata lugha hiyo kabla ya redio kuingia nyumbani mwao, nami nikauacha kwenye kitu kimoja kinachozunguka.

Nilimwambia basi mpwa wangu kwamba kabla ya taa nyekundu za vibonye, kabla ya skrini ya kasi, atenge fedha za diski mbili za nje. Moja ikae kwake, moja ikae nyumba nyingine, na kila arusi inakiliwe kwenye zote mbili kabla ya kufutwa kwenye simu. Kama fedha hazitoshi, apunguze daraja la kadi ya michoro. Aliguna kidogo, nami sikumlaumu.

Nawaandikia haya walimu kwa sababu tumezoea kujadili mashine kana kwamba zote ni moja. Mwaka 2013 taifa zima lilibishana kuhusu vipakatalishi walivyoahidiwa watoto wa darasa la kwanza. Kilichoanza kufika shuleni mwaka 2016 kilikuwa vishikwambi. Tulibishana juu ya gharama na wizi na umeme. Kazi yenyewe ambayo mtoto angeifanya, na mashine inayoifaa kazi hiyo, hatukuizungumza sana. Kijana wa Mbwajumali anayejua anataka kukata video na kucheza kandanda ametutangulia hatua moja: ana kazi mkononi, ndipo akatafuta chombo. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kufundishwa hesabu ya GB kwa kutumia arusi ya dadake, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kumpa zoezi la kumrekodi nyanyake, mdomo ukionekana.

Tulichagua hatimaye mashine isiyo na taa yoyote: prosesa yenye H, kadi ya daraja la chini kidogo kuliko aliyoitaka, GB 16, skrini ya rangi kamili, na diski mbili. Babake alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba kandanda inaingia. Kijana aliondoka alfajiri kwa boti kwenda Lamu, aunganishe safari ya Mombasa. Kabla hajapanda nilimwomba jambo moja, kwamba arusi ya kwanza atakayoirekodi kwa chombo hicho aniwekee dakika kumi za wazee wanaozungumza pembeni, hata kama wanazungumzia bei ya kamba. Akacheka, akasema, "Mjomba, hizo ndizo ninazozifutaga."

Nikamwambia asizifute.