Ardhi Haitabiriwi, Hukadiriwa



Limezagaa neno ambalo siwezi kulinyamazia. Programu zinazojifunza kwa data sasa zimeingia katika uhandisi wa udongo. Hulishwa vipimo vya mashimo yaliyochimbwa, kisha husema jengo litatitia kiasi gani au mteremko upi unaweza kuporomoka. Kazi hiyo siipingi, kwani ina manufaa. Ninachopinga ni kuiita "utabiri".

Kutabiri, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kufasiri ndoto. Mtabiri huambiwa sehemu akatoa yote, wala haulizwi alipimaje. Kukadiria kumetoka katika kadiri, yaani kipimo. Anayekadiria amekwisha kukiri kwamba aweza kupunguza au kuzidisha. Neno la kwanza humnyamazisha msikilizaji. La pili humruhusu aulize: umepima mashimo mangapi, na kosa lako ni kiasi gani?

Maswali hayo ndiyo roho ya jambo. Shimo la uchunguzi lina upana wa kiganja, nalo husemea kiwanja kizima. Programu iliyofunzwa kwa kichanga cha pwani haijui kwamba mfinyanzi mweusi wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi. Nimefundisha miaka mingi, namjua mwanafunzi aliyekariri mitihani iliyopita: hupata alama nzuri mpaka siku swali linapogeuzwa. Lakini yeye hukwama, tukamgundua. Programu haikwami, hujibu vivyo hivyo.

Waitalia walilipia somo hili kabla ya zama za programu hizi. Mlima Toc, juu ya bwawa la Vajont, ulipoanza kuteleza mwaka 1960, wataalamu walijenga mfano mdogo wa bonde, wakatumia kokoto mahali pa mlima, wakahitimisha kwamba maji yakibaki kwenye kimo cha meta 700 juu ya usawa wa bahari, hapana hatari kubwa. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, maji yakiwa karibu na kimo hicho hicho, zaidi ya meta za ujazo milioni 250 za mlima zilishuka kwa mkupuo. Wimbi liliruka ukuta wa bwawa, likaufuta mji wa Longarone. Watu wapatao 2,000 walikufa. Ukuta ungali umesimama hadi leo. Hesabu kukosea ni jambo la kawaida. Msiba ni kadirio kupewa hadhi ya utabiri.

Nitaambiwa: "Mwalimu, mbona twasema utabiri wa hali ya hewa?" Naam, lakini huo husahihishwa kesho yake, mvua isiponyesha, tunacheka na kuanika nguo. Msingi wa nyumba husahihishwa mara moja tu, na huenda watu wamelala ndani.

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hapa ulimi wa mmoja ukijikwaa, miguu ya wengine ndiyo itakayozama. Basi wafasiri, wahariri na washairi wenzangu, tuandike "kadirio", na kando yake tudai kiasi cha kosa kiandikwe. Anayetaka kuitwa mtabiri, na aende akafasiri ndoto.